Breki pedi za pikapu ya mizigo: zipi ununue ukiwa Mtwara au Lindi

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: kama una Land Cruiser mkonga, Hilux ya zamani au pikapu nyingine inayobebeshwa mzigo mzito, nunua pedi zenye chuma ndani, zile wauzaji wanaziita semi-metaliki, za mtengenezaji anayejulikana, zenye herufi FF au GG ubavuni. Orijino za kampuni ya gari zinafuata. Pedi laini zisizo na chuma ni za gari la safari za mjini. Za seramiki waachie wenye magari madogo. Used na zile zilizobandikwa upya ziko mkiani.

Lakini kabla hujatoa hela, ingia chini ya gari uangalie nyuma.

Pikapu nyingi za huku kusini zimeongezwa springi ili zihimili gunia za korosho, mbao au saruji. Ni jambo la kueleweka: ukipakia gunia 20 za kilo 80 umeshabeba tani 1.6, na hujampandisha mtu. Tatizo ni kwamba Land Cruiser 79 na Hilux nyingi zina valvu inayogawa presha ya breki kulingana na mzigo. Imefungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na difu la nyuma kwa mkono wa chuma. Mzigo ukiongezeka chasisi inashuka, mkono unasukumwa, valvu inaachia presha zaidi kwenda nyuma. Sasa ukiongeza springi gari linabaki limenyanyuka hata likijaa, valvu inasoma kwamba gari ni tupu, na breki za nyuma zinashika nusunusu. Kazi yote inahamia mbele. Ndipo unamsikia mwenye gari akilalamika kwamba pedi hazimalizi msimu, anabadilisha chapa baada ya chapa, kumbe pedi hazina kosa lolote. Mwambie fundi aurekebishe mkono wa valvu ulingane na urefu mpya wa springi, na afungue ngoma za nyuma aone breki shuu, vile vipande vinavyobana ngoma kutoka ndani, zimebaki kiasi gani. Wakati mwingine shuu zimeliwa hadi kwenye riveti na hakuna anayejua, kwa kuwa za nyuma hazipigi kelele mapema.

Ukiwa hapohapo, zitazame pedi kuukuu. Zikiwa zimelika sawa, vizuri. Zikiwa zimelika kama kabari, au moja imeisha na mwenzake bado nene, kuna pistoni, kile kipande kinachosukuma pedi kwenye diski, iliyoganda. Kwa magari yanayoshinda Mikindani, Kilwa Masoko au Lindi mjini, na hasa yanayobeba samaki huku maji ya barafu yenye chumvi yakichuruzika chini ya bodi, hili ni la kawaida sana. Kalipa, yaani vibanio vya pedi, za mbele za Land Cruiser hizi zina pistoni nne kila upande, hivyo moja ikiganda gari bado linasimama, linavuta upande kidogo tu, na dereva anazoea. Pedi mpya juu ya pistoni iliyoganda ni hela ya kutupa.

Kuhusu saizi, usimwamini mtu anayesema "za Land Cruiser zote ni moja." Familia ya 70 ilianza 1984. Mwaka 1999 sehemu ya mbele ilibadilishwa: springi za mabapa zikaondoka, koili zikaingia, na nati za tairi zikashuka kutoka sita hadi tano. Basi hesabu nati kabla hujaenda dukani. Kisha nenda na namba ya chasisi na pedi kuukuu mkononi, uzilaze mpya na kuukuu mgongo kwa mgongo pale juu ya kaunta. Matundu ya pini yalingane, kingo zilingane. Kadi ya gari peke yake haitoshi, maana magari ya umri huu yameshabadilishwa difu na vinginevyo mara nyingi tu. Kwa Toyota, namba ya kipuri ya pedi za mbele huanza na 04465, na ya breki shuu za nyuma 04495. Ukiona boksi la "pedi za mbele" lina namba inayoanza vingine, uliza.

Sasa cheo kwa cheo.

Kwanza, semi-metaliki za mtengenezaji anayejulikana. Nyuzi za chuma zilizochanganywa ndani zinahamisha joto vizuri na kuvumilia mteremko mrefu. Ukishuka kutoka uwanda wa Makonde pale Newala, au kutoka Rondo na mzigo wa mbao, diski kufika nyuzi 300 za sentigredi si ajabu. Pedi laini zikifika huko zinaanza kuteleza: unakanyaga, pedeli ni ngumu kama kawaida, gari halipunguzi mwendo. Semi-metaliki zinachelewa kufika kwenye hali hiyo. Kasoro zake: asubuhi zikiwa baridi zinachelewa kidogo kushika, zinalia, na zinakula diski haraka zaidi. Mimi naona diski ni gharama inayokubalika kwa gari la mizigo. Majina ya kutafuta ni kama Bendix, Ferodo na TRW. Kwa Japani, Akebono, Advics na MK Kashiyama. Kwa Korea, Hi-Q ya Sangsin. Ila jina halitoshi, kwa sababu kila kampuni hutengeneza zaidi ya aina moja. Soma boksi ujue ni mchanganyiko gani.

Na soma ubavu wa pedi. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopita bila kutazama. Kwenye ukingo huchapwa msururu wa herufi na namba, na mwishoni mara nyingi kuna herufi mbili. Ya kwanza inaeleza msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa ya moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo pedi ya FE inashika vizuri mjini, ikipata moto inalegea. Gari la kushuka Newala halitaki FE. Tafuta FF, GG ukiipata kwa mtengenezaji wa kuaminika, sawa. Herufi hizi hazisemi pedi itadumu muda gani, na FF ya kampuni moja si lazima iwe sawa na FF ya nyingine. Alama nyingine nzuri ni E yenye namba ndani ya duara pamoja na 90R: hiyo ina maana pedi imepimwa kwa kanuni ya Ulaya inayotaka uwezo wake usipishane na ule wa orijino kwa zaidi ya asilimia 15.

Pili, orijino za kampuni ya gari. Ubora wake hauna mjadala, hazipigi kelele na diski inadumu. Nimeziweka nafasi ya pili kwa sababu mbili: bei, na ukweli kwamba boksi la orijino ndilo linaloigwa kuliko yote. Kwa wakala anayetambulika, nunua bila wasiwasi. Kwa duka la pembeni ya stendi, ambapo muuzaji anakuapia "hii orijino kabisa, bosi wangu" halafu bei ni nusu ya kwa wakala, unanunua boksi.

Tatu, pedi laini. Kimya, bei nafuu, hazichokozi diski. Pikapu inayozunguka Mtwara mjini hadi Naliendele ikiwa tupu, zinatosha kabisa.

Nne, seramiki. Vumbi kidogo na utulivu mwingi, lakini unalipia sifa ambazo gari la mizigo halizihitaji.

Tano, used. Pedi iliyovuliwa kwenye gari jingine imeshajichonga kwa diski ya gari hilo, na hujui ilishapata moto kiasi gani. Mkiani kabisa ni pedi iliyobandikwa laining, lile tabaka linalosugua, upya kwa gundi. Kwa shuu za nyuma, fundi mzuri wa kupiga riveti anaweza kukufanyia kazi ya kuaminika. Pedi ya mbele ni habari nyingine: gundi ikipata joto la mteremko inaachia, na kipande kinatoka chote. Hapo breki inabaki chuma kwa chuma.

Kuna la afya pia. Laining za zamani na baadhi ya zile za bei ya chini zina asbesto, na vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Kwa macho huwezi kuitambua. Kwa hiyo fundi asipulize ngoma kwa kompresa, na asipulize kwa mdomo. Alowanishe kwa maji, apanguse kwa kitambaa, akitupe.

Feki utazijuaje? Pitisha ukucha kwenye kona ya pedi: ikimeguka kama kaukau, rudisha. Tazama mgongo wa chuma: rangi iwe sawa, kingo zisiwe na makovu ya msumeno, na pedi zote nne ziwe na unene mmoja. Kama umeambiwa ni semi-metaliki, sugua kidogo kwa msasa juu ya karatasi, kisha pitisha sumaku chini ya karatasi. Unga usiposogea, hakuna chuma humo. Usiweke sumaku moja kwa moja kwenye pedi, maana itavutwa na bamba la mgongoni na kukudanganya. Ukibaini umeuziwa feki, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia, basi tunza risiti.

Wakati wa kufunga, badilisha kulia na kushoto kwa pamoja. Diski ina maandishi ya unene wa chini unaoruhusiwa. Ikiwa imepita hapo, kuichonga hakusaidii. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili: DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, ikishanyonya unyevu hushuka hadi karibu 140, na hewa yetu ya pwani haina uhaba wa unyevu. Ukishafunga, punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa mara kumi hivi, taratibu, bila kusimama kabisa, ndipo upakie.

Usipopata mjini, mzigo utatoka Dar es Salaam, Kariakoo upande wa Gerezani, kwa basi. Agiza kabla ya mvua. Mwaka 2024 barabara ya kutoka Dar kuja kusini ilikatika Somanga na kipuri kilichokuwa cha siku moja hakikujulikana kingefika lini. Na muuzaji akutumie picha ya ubavu wa pedi, herufi zikisomeka, ndipo umtumie hela. Picha ya boksi usiikubali.