Uzoefu wangu na matibabu ya Serikali baada ya ghorofa la Kariakoo kuporomoka

Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, nilikuwa miongoni mwa wafanyabiashara walioanza kuondoa kifusi kwa mikono kabla ya mitambo kufika. Nondo ilinichana kiganja, na vumbi la saruji likanijaa kifuani. Serikali ilitangaza kwamba ingegharamia matibabu ya majeruhi, na kwa upande wa dharura nashuhudia kuwa ahadi hiyo ilitekelezwa: nilishonwa jeraha, nikachomwa sindano ya pepopunda na kupigwa picha ya kifua bila mtu yeyote kunielekeza kwenye dirisha la malipo. Wauguzi walituhudumia kwa utu, nami nawashukuru kwa dhati.

Upungufu ulijitokeza baadaye. Kikohozi kilipokataa kukoma nilirudi kliniki, na karani wa mapokezi akanitaka nilipie kwanza ndipo nimwone daktari, kwa kuwa orodha aliyokuwa nayo ilikuwa ya watu waliotolewa chini ya kifusi, wala haikuwa na majina yetu sisi tuliojitolea kuokoa. Cheti changu cha awali kilisema tu "jeraha la kiganja, nondo", pasipo kutaja Kariakoo. Afisa ustawi wa jamii ndiye aliyenisikiliza kwa subira hadi nikapata msamaha wa gharama.

Jambo hili linaniuma kwa sababu mwajiriwa akiumia kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini machinga aliyeacha meza yake akaenda kufukua kifusi hana pa kudai. Nchini Marekani, waokoaji na manusura wa mashambulizi ya Septemba 11, 2001, wakiwamo waliojitolea, wana mpango wa afya uliowekwa na sheria iliyosainiwa Januari 2011, ambayo mwaka 2015 iliongezewa muda hadi 2090. Mwokoaji aliyeandikishwa hupimwa kila mwaka hata kama hajaugua, maana maradhi yatokanayo na vumbi huweza kuchelewa miaka mingi. Sisi tunayo tayari Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na daftari la waokoaji lingeweza kufunguliwa palepale kwenye eneo la tukio.

Kwa sasa, ukiumia katika uokoaji, usikubali kuruhusiwa kabla daktari hajaandika kwenye faili na kwenye cheti chako jina la tukio, tarehe na kazi uliyokuwa ukifanya, kwa sababu maelezo hayo ndiyo utakayoulizwa siku utakaporudi kliniki.