Kozi ya ushahidi wa kielektroniki kwa mawakili na ushauri wa miezi mitatu: uzoefu wangu

Siku ya pili ndiyo iliyolipia ada yote. Ya kwanza ningeisoma kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya Mwenge, na ushauri uliofuata ulikuwa nusu kazi, nusu makaratasi. Mtoa huduma simtaji. Nazungumzia huduma yenyewe, kwa sababu kozi za namna hii zimekuwa nyingi Dar es Salaam na Dodoma, na matangazo yake yote yanafanana.

Siku ya kwanza ni slaidi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Na. 13 ya 2015, kinachohusu kupokelewa kwa ushahidi wa kielektroniki, kilisomwa neno kwa neno, kikatanguliwa na historia: uamuzi wa Trust Bank dhidi ya Le-Marsh wa mwaka 2000, uliofungua mlango kwa kumbukumbu za kompyuta, marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2007, kisha sheria ya 2015. Wakili yeyote anayafikia hayo bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu. Kibaya zaidi, kabrasha lilikuwa la zamani. Sheria Zilizofanyiwa Urekebu, Toleo la 2023, zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na sheria kadhaa zimepangwa upya namba za vifungu. Kabrasha la Sheria ya Ushahidi lenye namba za zamani ni mtego: unanakili kifungu kwenye maombi, halafu wakili wa upande wa pili anasimama kueleza kwamba kifungu ulichotaja kinahusu jambo jingine kabisa. Kabla ya kulipa kozi yoyote sasa hivi, omba kurasa mbili za kabrasha uangalie wametumia toleo gani.

Siku ya pili tulikuwa 18 na wakufunzi wawili, mmoja wakili, mwingine mtaalamu wa uchunguzi wa vifaa vya kidijitali. Kila meza ilipewa simu yenye mazungumzo ya WhatsApp kuhusu mauzo ya kiwanja. Kazi ilikuwa moja: yafikishe mahakamani yapokelewe kama kielelezo.

Karibu wote tulipiga picha za skrini tukachapisha. Mkufunzi alichukua karatasi ya meza ya kwanza akauliza, "Huyu Juma Kiwanja ni nani?" Jina linaloonekana juu ya mazungumzo ni lile alilolihifadhi mwenye simu. Mtu anaweza kumhifadhi shemeji yake kwa jina la mdaiwa, akaandikiana naye anachotaka. Kifungu cha 18 kinaitaka mahakama iangalie, pamoja na mengine, jinsi mtumaji alivyotambuliwa, na picha ya skrini isiyoonyesha namba ya simu haijamtambua mtu. Dawa ni kufungua ukurasa wa taarifa za mhusika ili namba ionekane, kuipiga picha nayo, kisha kuiunganisha namba hiyo na mtu kwa ushahidi mwingine: usajili wa laini, muamala wa pesa uliotumwa kwa namba hiyo, au shahidi aliyewahi kuipiga.

Utaratibu tuliofundishwa ni huu. Simu iwekwe hali ya ndegeni kabla ya kuguswa, ili meseji mpya zisiingie na za zamani zisifutwe kutoka upande wa pili. Bonyeza *#06# uandike namba ya IMEI, utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15. Hamisha mazungumzo yote, si vipande, maana kipande ndicho kinachoalika maswali ya dodoso, yaani ya upande wa pili, kuhusu ulichoficha. Faili likishafika kwenye kompyuta, chukua heshi yake, yaani alama ya utambulisho ya faili. Kwenye Windows huhitaji kununua programu: fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Uandike. Nakili faili kwenye flashi, chukua heshi tena, zilingane.

Hapo meza mbili zilikwama, heshi zikatofautiana. Walikuwa wametumiana picha kwa WhatsApp kutoka simu kwenda kompyuta. WhatsApp huibana picha inapoituma, kwa hiyo kilichofika si faili lile lile, ingawa kwa macho huoni tofauti. Ukilazimika kuituma kwa njia hiyo, itume kama waraka, si kama picha. Waya ni salama zaidi.

Mchana ukawa wa hati za kiapo zinazoambatana na kielelezo cha namna hii. Kila mmoja aliandika ya kwake, ikakusanywa, ikarudi na wino mwekundu. Kosa lililojirudia zaidi ni wakili kuapa mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyetoa mazungumzo kwenye simu na kuyachapisha. Ukiapa hivyo umejigeuza shahidi katika shauri la mteja wako, na upande wa pili wana haki ya kutaka kukuhoji. Aape aliyefanya kazi hiyo kwa mikono yake, awe mteja au karani. La pili ni hati inayosema tu kwamba "kompyuta ilikuwa nzima". Ipi? Ya nani? Ilitumika kwa kazi gani siku zote? Mashine ielezwe kwa aina na namba yake, na muapaji aseme anajuaje kwamba ilifanya kazi ipasavyo wakati huo. La tatu ni la kizamani wala halina uhusiano na kompyuta: jurati, yaani sehemu ya mwisho inayoonyesha kiapo kimekulwa wapi na lini, bila mahali na tarehe, au kamishna wa viapo asiyeeleza kama anamfahamu muapaji au ametambulishwa kwake na nani. Hati nzuri ya kurasa nne inaanguka kwa mistari miwili ya mwisho.

Lawama yangu kwa siku hiyo ni mbili. Printa ilikuwa moja kwa watu 18, saa nzima ikaishia kwenye foleni. Na sampuli zote zilikuwa za Kiingereza, ilhali tangu marekebisho ya 2021 lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili. Ukimwuliza mkufunzi aandike aya ya heshi kwa Kiswahili ambacho mzee wa baraza atakielewa, anakuna kichwa.

Ushauri wa miezi mitatu ulihusu ofisi yenyewe: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023. Ofisi ya wakili imejaa nakala za vitambulisho, taarifa za benki na vyeti vya ndoa, kwa hiyo usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi unaihusu kama unavyoihusu benki. Sehemu waliyoifanya vizuri ni ya kutembea ofisini na daftari: nani ana ufunguo wa kabati, kompyuta mpakato ipi haina nywila, nyaraka za wateja ziko kwenye magrupu mangapi ya WhatsApp ya watumishi walioshaondoka. Orodha hiyo ilikuwa ya kurasa tatu na kila mstari ulikuwa wa kweli. Sera waliyotuandikia ndiyo iliyoniudhi. Ilitaja mamlaka za Ulaya mara mbili, dalili kwamba imenakiliwa, ikabidi irudishwe.

Tahadhari moja kwa anayetaka huduma kama hii: mshauri si wakili wa mteja wako. Ukimfungulia jalada, umetoa siri ambayo si mali yako. Sharti la usiri lisainiwe kabla hajavuka mlango, na jalada la mfano analotaka kulikagua lifutwe majina na namba za viwanja kwanza.

Kuhusu pointi za CLE, yaani za mafunzo endelevu ya mawakili, ulizia idhini ya TLS, chama cha mawakili cha Tanganyika, kwa kozi hiyo hasa, kwa tarehe hizo. Cheti chenye mhuri mkubwa si pointi. Wenzetu wa Kenya wanaohesabu pointi 5 kwa mwaka wanaijua adha ya kufika Desemba na vyeti visivyohesabika.

Malipo: dai risiti ya EFD siku hiyo hiyo, maana baada ya kozi anayeshughulikia hesabu huwa "yuko safarini". Ofisi ikilipa, ikumbuke kodi ya zuio ya 5%, inayokokotolewa kabla ya VAT. Ada ikiwa 1,000,000, VAT ni 180,000, zuio ni 50,000, kwa hiyo anayelipwa anapokea 1,130,000 na ile 50,000 inakwenda TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Watoa huduma wetu walishangaa kuona pungufu, wakatuma barua ya madai. Nao, kwenye orodha ya huduma zao, wana kozi ya kodi kwa mawakili.