Amplifaya ya Valvu na Spika Zake: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Anayetafuta amplifaya ya valvu, yaani ya mirija ya kioo inayokuza sauti, huanza kwa kuulizia wati, ilhali anapaswa kuanza na spika, kwani ndizo zinazoamua kama wati chache zitatosha. Kila usikivu wa spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati moja, unapopungua kwa desibeli 3, nguvu inayohitajika huwa maradufu. Kwa hiyo spika ya desibeli 87 hudai takriban wati 127 ili ivume sawa na spika ya desibeli 99 iliyopewa wati 8 tu. Na wati 8 ndizo zinazotolewa na valvu moja ya 300B.

Kati ya spika zinazofaa valvu, nafasi ya kwanza naipa Klipsch Heresy, spika ya honi (yenye mdomo uliopanuka kama tarumbeta) kutoka Marekani, ambayo toleo lake la nne limetajwa na kiwanda kuwa na usikivu wa desibeli 99. Iunganishwe na amplifaya yenye jozi ya valvu za EL84 kila upande, ya wati 10 hadi 15. Najua wengi wangechagua 300B, na sauti ya mwimbaji kwa valvu hiyo ni tamu kweli. Lakini amplifaya ya valvu moja isiyo na mrejesho (sehemu ya sauti inayorudishwa ndani ili kurekebisha makosa) huwa na ukinzani mkubwa wa ndani, yaani kizuizi cha umeme kinachopimwa kwa omu, hivyo sauti hupanda na kushuka kwa kufuata ukinzani wa spika unavyobadilika kutoka besi hadi sauti nyembamba. Kabla ya kulipa, simamisha muziki, acha amplifaya ikiwaka, kisha sogeza sikio hadi kwenye mdomo wa honi. Spika hizi hufichua mvumo wa umeme ambao nyingine huumeza, na ukiusikia hata ukiwa umeketi kitini, usiichukue amplifaya hiyo.

Ya pili ni LS3/5A, iliyobuniwa na BBC kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo. Kwa usikivu wake wa takriban desibeli 83 ingestahili kuwa mkiani, lakini matoleo ya awali yana ukinzani wa omu 15, mzigo mwepesi ambao valvu huubeba bila taabu. Katika chumba kidogo, kwa wati 25 au 30 za valvu za EL34, utasikia ukucha ukikwaruza uzi wa udi kabla noti yenyewe haijafunguka. Besi nzito usiitarajie.

Spika za Tannoy zenye besi na honi katika kitovu kimoja ni za tatu, na zinafaa sebule kubwa. Za mwisho ni spika ndefu, nyembamba, za omu 4 ambazo ukinzani wake hushuka chini ya 3: hata valvu za KT88 za wati 50 hutaabika nazo.

Ukishanunua, geuza amplifaya uone skrubu za kuunganishia spika zilizoandikwa omu 4, 8 na 16. Jaribu zaidi ya moja, kila mara ukiizima kwanza, kwa sababu omu zilizoandikwa kwenye spika ni wastani tu. Ikiwa amplifaya imetoka Marekani, huenda ni ya volti 120 na itahitaji transfoma ya kushushia umeme wetu. Usiiwashe kamwe bila spika, hata kwa kuijaribu dukani, kwani transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na kuibadilisha ni gharama kubwa kuliko kubadilisha valvu.