Canva kwa sie wa steshenari: nimeitumia mwaka wa tatu huu

Mimi nina steshenari ndogo huku Tabata, kinachoniingizia hela zaidi ni kadi, za michango, za sendofu, kichen pati, mpaka mabango ya misiba. Zamani mteja akitaka kadi namtuma kwa kijana wa grafiksi, anakaa nayo siku mbili, simu za lawama napigiwa mimi na hela anakula yeye. Nikajaribu kujifunza zile programu kubwa za kudizaini, wiki nzima naangalia video, kila siku ni kutafuta tu kitufe fulani kiko wapi.

Ndo nikahamia Canva, app ya kudizaini kwenye simu au kompyuta kwa kutumia templeti, yaani mifano iliyokwisha kutengenezwa unabadilisha tu. Kumbe alieianzisha naye alianzia hapo hapo. Anaitwa Melanie Perkins, dada wa Perth kule Australia, alikua chuo huku anafundisha wenzake programu hizo hizo akaona muhula unaisha watu bado wanasoma vitufe. 2007 akiwa na miaka 19, yeye na mpenzi wake Cliff Obrecht wakaanzisha Fusion Books, shule zinaingia mtandaoni zinajitengenezea vitabu vya kumbukumbu za wanafunzi, na ofisi ilikua sebuleni kwa mama yake. Canva ikatoka 2013, na kabla ya hapo wawekezaji zaidi ya 100 walishamkatalia. Mia jamani! Mi hii habari inanigusa sana kwasababu ukiitumia unaona kabisa imetengenezwa na mtu aliewahi kukaa pembeni ya asiejua akamuelekeza.

Juzi alikuja mama mmoja jioni, sendofu ya binti yake jumamosi na kadi hana. Nikafungua kwenye simu, nikachagua templeti, tumekaa wote pale kwenye benchi, naburuza jina la binti na likifika katikati sawasawa kinatokea kimstari chembamba, mama mwenyewe akaniambia "hapo hapo mwanangu, achia". Hakumaliza hata soda yake, kadi ikawa imeshaingia kwenye grupu la kamati.

Ya bure inatosha kabisa kuanzia. Ila angalia vile vitu vyenye alama ya taji, hivyo ni vya kulipia, ukiviweka bila kulipa kadi inatoka na chapa ya Canva juu yake, kwahiyo usimuonyeshe mteja akavipenda halafu uanze kuviondoa. Kufuta nyuma ya picha nako ni kwa wanaolipia, mimi nalipia sasa hivi maana picha nyingi za maharusi wanaleta wamepigwa sebuleni na kabati linaonekana.

Cha kuwa nacho makini zaidi ni rangi. Kadi zangu 200 za damu ya mzee zilitoka kama udongo, nililia siku ile. Simu inatengeneza rangi kwa mwanga, mashine inatengeneza kwa wino, ndo maana kuna PDF ya kuprinti ya CMYK, yaani rangi zinazopangwa kwa wino wa mashine, nayo iko kwenye ya kulipia. Siku hizi natoa moja kwanza, mteja anaiona juani, ndo nazitoa zote.

Bando inakula kweli, hasa ukiwa na picha nyingi. Na ubadilishe fonti na rangi, templeti ukiiacha ilivyo utaikuta kwenye harusi ya jirani.

Wifi yangu anafundisha shule ya msingi, nimemwambia asilipe hata senti, walimu wa msingi na sekondari wana ya kwao bure, anatuma tu uthibitisho kwamba ni mwalimu. Ameshaanza na ratiba ya darasa, kaibandika ukutani.