Panchi ya mkono ya "chuma na ngozi": kwenye bati naipa heko, kwenye ngozi hapana

Niseme mapema. Kwenye bati, hii panchi ya mkono, chombo cha kutobolea matundu kwa kubana mipini, imenifaa kuliko drili. Kwenye ngozi, ingawa sanduku lake limechorwa mkanda na kiatu, sikuridhika. Aliyetaka jibu fupi ameshalipata. Anayetaka kujua ni bati lipi, ngozi ipi, na kwa nini, tuendelee.

Kazi yangu kubwa ni matranka ya wanafunzi wa bweni. Msimu ukipoa nashona mikanda na makobazi ya ngozi. Kibanda changu kiko Mabatini, hapahapa Mwanza. Tranka ukilitazama kwa mbali ni sanduku tu, lakini lina komeo, bawaba, mishikio ya pembeni na vyuma vya kona, na kila kimoja kimeshikwa na ribiti, vile vipini vya chuma vya kugongea. Kila ribiti inataka tundu lake. Januari shule zikikaribia kufunguliwa wazazi wanamiminika, na kila mmoja anataka la mwanawe liwe tayari kabla hajamaliza kulipa. Ukute na umeme umekatika, hapo utamtafuta mchawi.

Hata umeme ukiwepo, drili na bati jembamba hawapatani. Biti likikaribia kupenya linalidaka bati na kulizungusha, na bati linalozunguka ni kisu. Tundu nalo mara nyingi halitoki duara, linatoka na pembe tatu, na upande wa pili yanabaki meno ambayo usipoyapitishia tupa yatachana sweta la mtoto wa watu. Njia ya msumari na nyundo ipo, na wapo wanaoiweza. Ukipita Makoroboi, mtaa uliopewa jina kwa ajili ya koroboi zinazotengenezwa pale kwa makopo, utakuta wazee wanatoboa huku wanapiga soga. Ila msumari hauondoi bati, unalisukuma tu pembeni. Kwa koroboi si neno. Kwa komeo la tranka, ule mdomo unaobaki unazuia vyuma viwili kulaliana, na ribiti inalegea kabla mtoto hajafika kidato cha pili.

Panchi niliinunua duka la vifaa katikati ya mji, chini kidogo ya laki moja baada ya kupatana. "Ngosha, hii inatoboa kila kitu," kijana wa dukani aliniambia. "Bati, ngozi, plastiki, hadi turubai." Haina jina la mtengenezaji, imeandikwa nchi tu, Uchina. Mtu anayezijua zana ataona mara moja kwamba umbo ni la ile Namba 5 Junior ya Roper Whitney, kampuni ya Rockford huko Marekani, ambayo imenakiliwa mno. Ndani ya sanduku kuna jozi saba za dume, yaani kinachotoboa, na jike, yaani kinacholipokea: mm 2.4, 3.2, 4.0, 4.8, 5.6, 6.4 na 7.1. Vipimo hivyo vinaonekana vya ajabu kwa sababu asili yake ni inchi. Usihangaike navyo. Kwa ribiti zinazouzwa hapa mjini utatumia sana ya 3.2 na ya 4.8, nyingine zitakaa sandukuni.

Jinsi inavyofanya kazi ni rahisi. Jike linafungwa kwa nyuzi kwenye taya la chini, dume linashuka kutoka juu na kuingia ndani yake kwa nafasi ndogo sana, na bati lililopo katikati linakatika duara zima kwa mpigo mmoja. Dume lina ncha fupi katikati ya uso wake. Unapiga alama kwa senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kugonga kwa nyundo, unatafuta kile kishimo kwa ile ncha mpaka usikie imekaa, ndipo unabana. Kinachodondoka chini ni kisahani kidogo cha bati, kisafi, na tundu linabaki bila meno ya kuhitaji tupa. Ribiti ya mm 3.2 inaingia kwenye tundu la saizi yake kwa kubana kidogo, nami ndivyo ninavyoitaka.

Nguvu ndiyo jambo ambalo wauzaji hawaelezi, wakati ndilo linaloamua kama utaipenda au utaitupa. Nguvu ya kutoboa ni mzunguko wa tundu, mara unene wa chuma, mara ugumu wa chuma chenyewe. Ukiongeza unene maradufu, nguvu inaongezeka maradufu. Ukiongeza upana wa tundu maradufu, hivyohivyo. Tundu la mm 6.4 kwenye chuma laini cha geji 16, yaani mm 1.5 hivi, linataka karibu tani 1, na hapo ndipo mwisho wa chombo cha aina hii. Bati la geji 28 lina unene wa mm 0.4 hivi. Tundu la mm 4.8 juu yake linataka kama kilo 200, na kwa urefu wa mipini mkono wako unasikia kilo chache tu. Ndiyo maana kwenye matranka natoboa nikiwa nimesimama, naongea na mteja, wala sitoki jasho. Lakini alipokuja jirani yangu wa mageti na kipande cha flatibaa, chuma bapa, cha mm 3 akitaka "tundu moja tu, fundi", nilimrudisha kwenye drili yake. Kanuni nyingine ya kushika ni kwamba tundu lisiwe dogo kuliko unene wa chuma. Dume jembamba kwenye chuma kinene linavunjika, halina ujanja.

Alumini inapita kama sabuni, ila ina tabia ya kuganda kwenye dume, na tundu linalofuata linatoka na michubuko. Tone la mafuta ya taa linatosha kuiondoa. Chuma cha pua ni mkaidi, kwa hiyo punguza unene unaothubutu. Panga la zamani, msumeno, springi, chochote kilichopikwa kikawa kigumu, usijaribu kabisa.

Sasa kasoro za upande wa bati, maana zipo. Ya kwanza ni kina cha mdomo. Tundu huwezi kuliweka mbali na ukingo zaidi ya sentimita tano hivi, kwa sababu koo la panchi linagota. Kwa komeo na bawaba si tatizo, viko ukingoni. Mshikio wa katikati ya mfuniko bado ni kazi ya drili. Na kwenye tranka ukingo unakunjwa juu ya waya, kwa hiyo inabidi utoboe kabla ya kukunja, la sivyo taya haliingii. Hilo limenilazimu kubadili mpangilio wa kazi nzima: siku hizi napima, natoboa, ndipo nakunja.

Ya pili ni kunasa. Ukishatoboa, bati linalishika dume na kupanda nalo unapofungua mipini. Panchi nzuri ina kizuizi imara kinacholisukuma bati chini. Kwenye hii yangu kizuizi ni chepesi, na bati la geji 30, ambalo ni jembamba kuliko la 28, au la kopo linapinda kidogo kuzunguka tundu. Dawa yake ni kuweka kipande cha boksi juu na kutoboa vyote pamoja. Boksi hilohilo linasaidia pia pale nafasi ya dume na jike inapokuwa kubwa kuliko bati linavyopenda. Bati jembamba mno halikatiki sawasawa, linavutwa ndani na kuacha mdomo kama ule wa msumari.

Tukija kwenye ngozi. Nilichukua kipande cha ngozi ya mkanda, unene wa mm 3.5, nikafunga jozi ya mm 4.8 na kubana. Ngozi ilididimia kwanza, ikanyooka, kisha ikatoboka kwa shingo upande. Nilipoigeuza, nyuma kulikuwa na nyuzi zinaning'inia, na mbele, upande ambao mteja anautazama, palikuwa na pete iliyobonyea kuzunguka tundu. Ukikwangua pete ile kwa ukucha haiondoki. Mkanda wa kuuza hauwezi kutoka hivyo.

Sababu iko wazi ukilitazama dume lenyewe. Uso wake ni bapa. Bati linakatika kwa sababu halikubali kunyumbuka: likisukumwa huku na kuzuiwa kule, linaachia palepale ukingoni. Ngozi inanyumbuka, inajivuta, inakubali kubanwa. Inachotaka ni makali, yaani mrija ulionolewa mdomo, unaoshuka juu ya kitu laini. Hizo ni kazi mbili tofauti, na chombo kimoja kikisema kinazifanya zote, uliza vizuri. Ngozi ngumu iliyotengenezwa kwa gome la miwati inavumilia kidogo. Ngozi laini iliyotengenezwa kwa dawa ya kromu, ile ya mikoba, inatafunwa tu.

Kuna ujanja mmoja unaofanya kazi. Bana ngozi nyembamba, mm 2 hivi, kati ya vipande viwili vya bati chakavu, halafu toboa vyote kwa pamoja. Bati linaishika ngozi isikimbie, na tundu linatoka safi. Nautumia ninapofunga mshikio wa ngozi kwenye tranka. Lakini kwa mkanda wenye matundu matano, yaliyoachana inchi moja moja, la katikati likiwa ndilo saizi ya kiuno cha mteja, nani ana muda wa kukata vibati?

Kwa ngozi nimerudi kwenye koleo ya gurudumu, ile yenye mirija sita ya kuanzia mm 2 mpaka 4.5 unayozungusha kuchagua saizi. Bei yake haifiki robo ya panchi. Nayo ina ugonjwa wake. Zile za bei ya chini zina pini inayolegea, mrija hautui sawa kwenye kile kisahani cha shaba, na kila tundu linaacha kijisehemu chenye umbo la mwezi mwandamo hakijakatika. Kabla hujailaani, weka kipande cha ngozi chakavu chini ya kazi yako, bana, halafu zungusha koleo kidogo kulia na kushoto kabla ya kuachia. Mrija ukiwa butu, unoe kwa nje na tupa laini, usiingize tupa ndani. Kisahani cha shaba kimewekwa laini makusudi ili makali yasife, hivyo usikibadilishe kwa chuma kwa kudhani unaboresha. Na mtu asije akaijaribu kwenye bati, hata la kopo, kwa sababu mdomo wa mrija unajikunja mara moja. Wale wa katambuga nao waangalie tairi lao: yako matairi yenye waya za chuma ndani, na waya mmoja tu unaua mrija.

Dume la mm 2.4 la panchi limeshavunjika. Kijana ninayemfundisha kazi alipindisha mipini wakati bati limenasa, likakatika kwenye shingo. Dukani hawauzi dume peke yake, wanataka ununue seti nzima, jambo ambalo nimeliona la kukera. Fundi wa lathe, mashine ya kuchongea vyuma, kule Nyakato alinichongea lingine kwa chuma kigumu, akalichoma hadi likawa jekundu, akalizamisha kwenye oili, kisha akalipasha tena kidogo ili lisiwe la kukatika kama kioo. Linatoboa vizuri, ingawa ile ncha ya katikati haikukaa sawa kama ya mwanzo. Oili usiikose hata wewe: tone kwenye dume kabla ya kuanza, na chombo kizima kipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta jioni. Hewa ya huku ziwani haina huruma na chuma kisichopakwa kitu.

Ukiamua kununua, usilipe kabla hujajaribu. Nenda na kipande cha bati mfukoni na karatasi laini, hata ya chooni. Funga jozi ya 3.2 na utoboe karatasi tupu. Dume na jike vikiwa vimelingana, karatasi inakatika duara kamili. Vikiwa vimepishana, inakunjika upande mmoja na kuingia ndani bila kukatika, na hapo rudisha uombe nyingine. Fanya hivyo kwa jozi zote saba, hasa zile ndogo. Muuzaji atakutazama kwa jicho la pembeni, lakini hiyo ya kwangu ilikuwa ya tatu kutolewa kabatini, na mbili za kwanza hazikuweza kukata karatasi.