Besi ya roki na metali: amplifaya ya valvu au pedali?

Kwa utamu wa sauti peke yake, nasimama na valvu, yaani amplifaya inayokuza sauti ya gitaa la besi kwa mirija ya kioo. Ampeg SVT, iliyotoka mwaka 1969, ina wati 300, na ukiisukuma hutoa mkwaruzo mnene usiofunikwa na ngoma wala magitaa mawili. Lakini kabati lake la spika 8 halipandi bodaboda. Utakodi gari kila shoo, valvu huchakaa, na umeme wa Kampala ukikatika, mngoje jenereta.

Pedali, yaani kisanduku cha kukanyaga kinachotengeneza sauti, kama SansAmp Bass Driver DI, inaingia kwenye begi la gitaa, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha. Hutumia betri ya volti 9 au umeme unaotoka kwenye miksa, kisha sauti huenda moja kwa moja kwenye spika za ukumbi. Hapo ndipo penye hatari: spika za jukwaani zikiwa mbovu, hujisikii kabisa. Wapiga besi wa metali wenye uzi mnene wa B, wa sauti ya chini sana (takriban hezi 31), ndio huumia zaidi.

Mna chumba chenu cha mazoezi na fundi mnayemwamini? Nunueni valvu. Unazunguka Jinja na Mbarara kwa basi? Beba pedali, na betri ya akiba.