TAHADHARI: "Mombasa ya 1572" inayouzwa mtandaoni ni karatasi ya juzi

Ndugu zangu mnaokusanya ramani na michoro ya miji ya kale, kuna mtu anauza mchoro wa "Mombaza" na mimi nimeshalizwa. Tangazo bado lipo. Juzi nimeliona kwa jina jingine, lakini picha ni zile zile, hata kikunjo cha pembe ya kushoto ni kile kile.

Mchoro wenyewe wengi mnaujua. Umo katika juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, atlasi ya michoro ya miji, iliyotolewa Cologne mwaka 1572 na Georg Braun pamoja na mchongaji Frans Hogenberg. Karatasi moja ina miji minne: Aden imejitanua juu, na chini yake zimebanwa Mombasa, Kilwa na Sofala, zikiandikwa Mombaza, Quiloa na Cefala. Sisi watu wa pwani shida yetu ni hicho kipande cha chini. Muuzaji anaijua hamu hiyo, na ndiyo anayoitegea mtego.

Alitaka shilingi 45,000. Akasema ni mali ya urithi, akaambatisha na cheti chenye muhuri mwekundu. Nilipoomba picha ya mgongo wa karatasi akajibu, "Samahani kaka, imegandishwa kwenye kadibodi kuikinga na unyevu." Nikaridhika, nikatuma pesa kwa simu. Mbuzi kwenye gunia, na bei nimelipa mwenyewe.

Kumbe mgongo ndio wenye habari zote. Karatasi za atlasi ile zilikunjwa katikati zikashonwa kitabuni, na nyuma yake kumechapwa maelezo ya miji. Lugha ya maelezo hayo na mpangilio wake ndivyo vinavyokuonyesha toleo: Kilatini kilitangulia, Kijerumani kikafuata 1574, kisha Kifaransa. Mabamba ya shaba yaliyochapia michoro hiyo nayo hayakutulia; miaka mingi baadaye yalifika kwa Johannes Janssonius wa Amsterdam, aliyetoa atlasi zake za miji mwaka 1657. Kwa hiyo hata muuzaji mwaminifu hawezi kukuapia "1572" bila kugeuza karatasi. Huyu wetu alikuwa na sababu nyingine ya kutoigeuza.

Na kuna jambo ambalo mimi, mzaliwa wa Mombasa, naona haya kulisema. Kwenye tangazo ameandika, "Tazama Fort Jesus ikilinda bandari." Wareno walianza kuijenga ngome hiyo 1593! Ingechorwaje miaka ishirini na moja kabla ya jiwe la kwanza? Nilisoma sentensi ile mara mbili na sikustuka. Hamu mbaya.

Kifurushi kilipofika nilisikia harufu ya chai. Si mfano, ni chai kweli, ya rangi, ndiyo iliyoipa karatasi "uzee". Nikaipeleka kwa fundi saa mmoja Mwembe Tayari, akaweka lenzi yake jichoni, akainama juu ya bahari ya Mombaza. "Mwanangu, hii bahari ni vitone vitupu," akasema, akanipisha nitazame. Vitone vyekundu, vya manjano, vya buluu na vyeusi, vimejipanga kama mchele kwenye sinia: alama ya mashine ya kisasa ya kuchapa. Mchoro wa bamba la shaba una mistari ya wino mweusi, na rangi imepakwa juu yake kwa brashi. Utaona mahali mkono ulipoteleza rangi ikavuka mstari. Nikapitisha kidole pembeni kutafuta lile bonde dogo linaloachwa na bamba likikandamizwa, hakuna kitu. Nyumbani nikalowesha kadibodi mpaka ikabanduka: nyuma kweupe pe. Ni picha iliyokatwa kwenye kitabu cha kisasa au kuchapishwa dukani.

Nilipomwandikia anirudishie pesa alijibu "sawa boss, kesho," kisha akanifungia. Namba haipatikani tena.

Akikufuata, usibishane naye kuhusu cheti; muhuri unachongwa kwa siku moja. Mwambie apige picha mbili tu: moja ya mgongo, nyingine karatasi ikiwa imeshikwa mbele ya dirisha, mwanga ukipita, ionekane ile mistari ya ungo wa mtengeneza karatasi, inayobaki kwenye karatasi ya kale iliyotengenezwa kwa mkono. Akitaja kadibodi, ndiye huyo. Sasa hivi naona ameanza kuuza Kilwa peke yake, "imekatwa kutoka karatasi kubwa," kwa shilingi 18,000.